Kabla Hujafungua Chupa ya Dawa ya Kunguni

Ukishuka kutoka Msikiti wa Taifa pale Old Kampala, ukavuka Namirembe Road na kuteremka kuelekea Nakivubo, hutembei sana kabla hujafika Container Village. Hapo ndipo watu wengi hununulia pembejeo za kilimo: mbegu, mbolea, pampu za kupulizia, na dawa za kuulia wadudu kwa katoni. Mkulima wa nyanya hununua hapo, na mwenye kiduka cha mtaani hununua hapo pia. Simlengi mfanyabiashara mwenye kibali anayeuza chupa iliyofungwa kiwandani. Ninalenga kinachofuata, pale dawa ya shambani inapofunguliwa, ikamiminwa katika vichupa vidogo au chupa za maji ya kunywa, kisha ikauzwa kwa wapangaji wa mitaa yetu kuwa dawa ya kunguni, ya mende au ya chawa. Haina lebo wala maelezo. Mama anaiweka mkobani pamoja na mkate na sukari, anapanda nayo nyumbani.

Dawa nyingi za shambani ni za jamii iitwayo oganofosfeti, na jamii hiyo ndiyo iliyozaa sumu za kivita zinazoshambulia neva. Mwaka 1936 mkemia wa Kijerumani Gerhard Schrader, akiwa katika kampuni ya IG Farben, alikuwa akitafuta dawa ya wadudu. Alipata tabuni. Muda mfupi baadaye yeye na msaidizi wake wakaathirika maabarani: mboni za macho zikasinyaa, pumzi ikabana, na ikawachukua wiki kadhaa kupona. Sarini ikafuata mwaka 1938. Sarini ndiyo iliyotumika katika treni za chini ya ardhi za Tokyo tarehe 20 Machi 1995, na Ghouta nchini Syria Agosti 2013.

Nguvu hazilingani. Dawa ya nyanya ni dhaifu sana ikilinganishwa na sarini. Lakini mahali inapopiga mwilini ni palepale, dalili ni zilezile, na dawa za kuokoa maisha ni zilezile. Ndiyo maana daktari wa hospitali ya Mulago anayempokea mtoto aliyekunywa dawa ya kunguni anatumia elimu ileile iliyotumika Tokyo. Utafiti wa hospitali za Kampala uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba miongoni mwa watu waliofikishwa hospitalini kwa sumu za wadudu, jamii hii ndiyo iliyoongoza. Kwa hiyo simwandikii msomaji habari za vita vya mbali.

Neva zinapozungumza na misuli, na zinapozungumza zenyewe ndani ya ubongo, hutumia kemikali kadhaa. Mojawapo ni asetilikolini. Neva inaimwaga, ujumbe unafika, kisha kimeng'enya maalumu kinaivunja papo hapo ili nafasi ibaki wazi kwa ujumbe unaofuata. Oganofosfeti hukishika kimeng'enya hicho na kukizuia kufanya kazi. Fikiria Old Taxi Park saa kumi na moja jioni, magari yanaingia mfululizo na hakuna hata moja linaloruhusiwa kutoka. Asetilikolini inajazana. Tezi zinamwaga kila zilicho nacho: mate, machozi, jasho, makohozi. Tumbo linasokota, mtu anatapika, anaharisha, mkojo unamtoka. Mboni za macho zinakuwa ndogo mno hata gizani. Misuli inachezacheza chini ya ngozi, kisha inachoka na kulegea. Kifua kinajaa maji na kukoroma.

Watu wengi wanaishia hapo, wakidhani ni sumu ya tumbo. Ubongo ndio unaopata hasara kubwa, na unaipata kwa njia mbili zinazokutana.

Ya kwanza ni degedege. Asetilikolini iliyozidi inazichochea seli za ubongo bila kuziacha zipumzike. Majaribio ya wanyama yameonyesha hatua zake waziwazi. Katika dakika 5 hivi za mwanzo degedege hutokana na asetilikolini yenyewe. Baadaye kemikali nyingine ya ubongo, glutameti, inaingia, na ikifika dakika 40 hivi inakuwa ndiyo inayoliendesha degedege. Seli zinafurika kalisi na kuanza kufa. Sehemu zinazoumia zaidi ni zile zinazotunza kumbukumbu na hisia, hasa hipokampasi na amigdala. Ndiyo sababu dakika zina thamani hapa kuliko katika magonjwa mengi: degedege linalozimwa mapema huacha ubongo mzima, na linaloachwa liendelee huua seli hata kama moyo haujasimama.

Njia ya pili ni mishipa ya damu. Mwanasayansi Robert Furchgott alionyesha mwaka 1980 kwamba asetilikolini ikigusa utando wa ndani wa mshipa, utando huo hutoa kitu kinachoulegeza mshipa ukapanuka. Baadaye ikafahamika kuwa ni gesi ya nitriki oksaidi, na mwaka 1998 akashiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Sasa rudi kwa mgonjwa wetu. Mishipa ya ubongo wake inapanuka, na seli zilizo katika degedege zinadai damu zaidi na zaidi. Kwa kawaida kuta za mishipa midogo ya ubongo zimebanana kuliko mahali pengine popote mwilini, ili vitu visivyotakiwa vilivyomo kwenye damu visivuke. Degedege likidumu, kizuizi hicho kinafunguka. Maji na protini za damu zinavuja na kuingia kwenye nyama ya ubongo, nao unavimba. Fuvu halitanuki. Ubongo uliovimba unaibana ile mishipa inayoulisha.

Na wakati huohuo pumzi inafifia. Mapafu yamejaa makohozi, misuli ya kifua imelegea, na kituo cha kuongoza upumuaji ndani ya ubongo nacho kimezimishwa na sumu. Midomo inageuka rangi. Mapigo ya moyo yanashuka, shinikizo la damu linaanguka, na damu kidogo inayofika kichwani haina oksijeni ya kutosha. Seli zilizokuwa zikidai damu mara nyingi kuliko kawaida zinaletewa pungufu kuliko kawaida. Wapo hata wagonjwa ambao madaktari wameripoti kuwa walipata kiharusi baada ya sumu hii. Degedege likishazimwa, seli za kinga za ubongo hubaki zimewaka kwa siku na wiki, na uvimbe huo wa ndani unaendeleza madhara mtu akiwa ameshafumbua macho.

Nimekaa muda mrefu kwenye jambo hili kwa sababu kila ushauri ninaoutoa chini unatokana nalo. Hewa kwanza, degedege pili, sumu itoke mwilini, na muda usipotee.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe kwanza chumbani, umpeleke penye upepo. Dawa za namna hii huingia kwa mdomo, kwa pumzi na kwa ngozi, kwa hiyo wewe mwenyewe unaweza kuwa mgonjwa wa pili. Mwaka 1995 wafanyakazi zaidi ya 100 wa Hospitali ya St. Luke's, Tokyo, walipata dalili kwa sababu ya mvuke uliotoka kwenye nguo za wagonjwa waliokuwa wakiwahudumia. Valisha mikono yako kaveera, yaani mifuko ya plastiki, kama huna glavu. Mvue mgonjwa nguo zote, zichane kama ni lazima, usizivute kupitia usoni. Mwoshe ngozi, nywele, nyuma ya masikio na chini ya kucha kwa sabuni na maji mengi. Najua heshima ya mtu, hasa mwanamke, ni jambo zito kwetu. Mzungushie kanga, wanawake wenzake wamwoshe. Lakini nguo iliyolowa dawa isibaki mwilini kwa sababu ya haya, maana inaendelea kumpa sumu njia nzima.

Mlaze ubavu, mdomo ukielekea chini ili mate na matapishi yatoke. Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta ya kula, mayai mabichi, mkaa uliosagwa wala maji ya chumvi. Nasisitiza maziwa kwa sababu yametuingia kichwani kuwa ndiyo dawa ya kila sumu. Hayaifuti sumu hii. Mtu ambaye fahamu zinamtoka akinyweshwa chochote, kinaingia mapafuni, na mapafu ndiyo hasa tunayopigania. Akipata degedege, usimtie kijiko mdomoni wala usimkandamize. Sogeza vitu vigumu, linda kichwa chake.

Tafuta gari, si boda. Mtu anayetapika na kutetemeka kati ya watu wawili juu ya pikipiki hawezi kulazwa ubavu, na degedege likija hapo barabarani hakuna atakayeweza kumlinda. Fungua madirisha ya gari. Kutoka Old Kampala uko karibu na Hospitali ya Mengo, Kisenyi Health Centre IV na Mulago. Nenda penye umbali mfupi kwanza, wao watampa rufaa akiwa tayari ameanza kupata hewa na dawa.

Na uende na chupa. Ifunge, itie kwenye kaveera mbili, uende nayo hata kama haina jina. Vidonge vya kuhifadhia maharage na mahindi, dawa za panya, na dawa za magugu zina matibabu tofauti kabisa, na daktari anayebahatisha anapoteza zile dakika. Kama dawa ilitoka dukani, mpigie simu aliyeiuza mkiwa njiani, mumuulize ilimiminwa kutoka chupa gani.

Hospitalini utaona wauguzi wakidunga atropini tena na tena, kila baada ya dakika chache, mpaka kifua kiache kukoroma. Usiogope idadi ya vichupa, ndivyo inavyotakiwa. Mgonjwa anaweza kukauka mdomo, kupata joto, hata kuweweseka, na hayo ni matokeo ya dawa yanayofuatiliwa. Atropini inakausha mapafu na kuamsha moyo, ila hairudishi nguvu za misuli. Degedege huzimwa kwa diazepamu au dawa za jamii yake. Kuna pia pralidoksimu, ambayo kazi yake ni kukikomboa kile kimeng'enya. Matokeo yake kwa sumu za shambani hayajawa sawa kwa wagonjwa wote, na inatakiwa mapema, kwa sababu kadiri saa zinavyopita sumu hung'ang'ania kimeng'enya kiasi kwamba hakikomboleki tena.

Sasa sikilizeni, ndugu mnaolala na wagonjwa wodini, kwa sababu hili linaangukia kwenu. Kati ya siku ya kwanza na ya nne, mgonjwa aliyeonekana kupona, anayezungumza na kuomba uji, anaweza kuanza kuishiwa nguvu za shingo, mabega na misuli ya kupumulia. Madaktari wa Sri Lanka waliieleza hali hii mwaka 1987. Mwambie mgonjwa ainue kichwa kutoka kwenye mto, asubuhi na jioni. Akishindwa, au pumzi zikiwa fupifupi, mwite muuguzi saa hiyohiyo, usingoje raundi ya daktari. Na msilazimishe kuruhusiwa siku ya pili kwa sababu ya gharama au kwa sababu ndugu anayemuuguza amechoka kulala chini. Aliyetoka wodini akitembea kwa miguu yake anaweza kufia nyumbani katika siku hizo.

Akisharudi nyumbani, wiki 2 au 3 baadaye baadhi ya sumu hizi huleta ganzi na udhaifu wa miguu; akiyapata hayo, arudishwe kliniki. Kuhusu akili, picha za ubongo za walionusurika Tokyo, zilizopigwa miaka kadhaa baadaye, zilionyesha baadhi ya sehemu zimepungua ukubwa. Nyumbani utaliona hilo kwa sura nyingine: kijana aliyekuwa mwepesi wa hesabu anasahau chenji, anakasirika bila sababu, halali, anashtuka usiku, anakaa peke yake. Katika mitaa yetu neno la kwanza huwa ni jini. Kisomo na dua havimdhuru mtu, na familia inayomsomea mgonjwa wake inafanya wema. Lakini kumfungia ndani, kumfukizia moshi kifua kikiwa bado dhaifu, au kumchapa ili jini atoke ni kumwongezea mateso mtu ambaye ubongo wake umeumia. Mpeleke Mulago au hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika, waambie wazi aliwahi kupata sumu ya wadudu na lini. Ikiwa alipata degedege, waambie hilo pia, ni muhimu kuliko yote.

Tuje nyumbani, penye kinga. Kunguni hawahitaji sumu ya nyanya. Joto huwaua pamoja na mayai yao: shuka, foronya na nguo kwenye maji ya moto, pasi ya moto kwenye mishono ya godoro, maji yaliyochemka kwenye nyufa za kitanda. Rudia baada ya wiki moja au mbili, ziba nyufa za ukuta, na zungumzeni wapangaji wote wa nyumba moja mfanye siku moja, vinginevyo kunguni wanahama tu chumba. Ni kazi ngumu, na kwa anayelala na watoto wanne chumba kimoja ni ngumu zaidi, naelewa. Ukilazimika kununua dawa, nunua iliyoandikwa kwamba ni ya matumizi ya nyumbani, katika chupa yake. Ukikuta jina la kiambata lenye herufi "phos", "fos" au "vos", hiyo mara nyingi ni ya jamii niliyoieleza, ingawa zipo pia zisizo na herufi hizo, kama malathioni na dimethoeti. Mstari mwekundu chini ya lebo ni hatari kubwa kabisa, wa njano hatari ya kati, kisha bluu, kisha kijani. Mwekundu na wa njano hauna kazi chumbani mwa mtu.

Usimpake mtoto dawa ya shambani kichwani kwa ajili ya chawa. Ngozi ya kichwa inanyonya upesi, na mwili wake ni mdogo. Mtoto anayetambaa pia hukusanya sakafuni kila ulichopulizia, kisha huweka vidole mdomoni. Ama nyanya za soko la Nakasero zenye ungaunga mweupe, ambazo watu huniuliza sana, ule kwa kawaida ni dawa ya ukungu, ya jamii tofauti, zioshe vizuri.

Chupa tupu usiioshe ukatumia kwa mafuta wala maji. Julai 2013, katika jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha mchana shuleni kilichokuwa na monokrotofosi, dawa ya jamii hiihii, kupitia mafuta ya kupikia. Toboa chupa, iponde, isirudi jikoni.

Limebaki jambo ambalo tunalinong'ona tu. Wengi wanaofikishwa hospitalini kwa sumu hizi hawakuinywa kwa bahati mbaya. Ni watu waliokuwa katika saa mbaya, baada ya ugomvi, deni au aibu, na chupa ilikuwa karibu. Saa ile mara nyingi hupita, na wengi walionusurika hawarudii tena. Sri Lanka ilipiga marufuku dawa zilizo hatari zaidi kuanzia miaka ya 1990, na ndani ya miaka 20 vifo vya kujiua vilipungua kwa kiasi cha theluthi mbili. Watu hawakuacha kuwa na huzuni. Sumu ilikuwa mbali nao. Kwa hiyo usiweke akiba ya dawa chumbani. Mwenye shamba kijijini aiache shambani, kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo ukae kwa mtu mwingine. Ukiona mtu wako amebadilika, anaaga, anagawa vitu vyake, muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Kumuuliza hakumtii wazo. Kunampa mlango wa kusema. Kaa naye, ondoa dawa nyumbani, mpeleke kwa wahudumu wa afya ya akili. Kama wewe unayesoma ndiye uliye katika saa hiyo, mpe jirani hiyo chupa sasa hivi, umwambie kwa nini. Na ikiwa mtu ameshakunywa, woga wa polisi na wa maneno ya majirani usiwacheleweshe: mwambieni daktari ukweli wote, pamoja na saa aliyokunywa.

Uganda ina sheria ya kudhibiti kemikali za kilimo, na usimamizi wake uko chini ya Wizara ya Kilimo. Mnunuzi naye ana nafasi yake. Muulize muuzaji, "Hajji, hii ilitoka kwenye chupa gani? Naomba kuiona." Kama anayo, soma jina la kiambata na rangi ya mstari, uviandike. Kama hana, iache hapo kaunta, na uwaambie wapangaji wenzako ni duka gani ili nao wasinunue.